Mikate Inayopungua

Jumatatu, 3 Machi
Kaka yangu mkubwa amesema niandike, basi naandika. Yeye anakaa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, lakini nusu ya duka hili ni yake kwa kuwa baba alituachia wote wawili. Anadai kona ya mikate inakula faida ya sukari na sabuni. Amempata mtu wa kuuza simu anayeitaka kona hiyo. Nimemwomba msimu mmoja wa mvua. "Mpaka mwisho wa Mei, dada," amesema. "Andika kila siku mambo yanavyokwenda, nije nisome. Kona isipojilipa, tanuri linauzwa." Tanuri alilinunua marehemu mume wangu, na ndicho kitu pekee humu ndani alichokinunua yeye. Sitaki liuzwe. Daftari hili pia sitampa, nitamtengenezea lingine lenye adabu.

Jumatano, 5 Machi
Nimempata mwokaji. Alikuwa kwenye kiwanda kikubwa cha mikate ambacho kimefungwa. Mtu wa makamo, mrefu, mikono kama makasia. Nilimuuliza maswali tisa, akajibu manne. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anayekaa kaunta, ameshambandika jina: Kimya. "Mama, angalau huyu hatatuumiza kichwa," anasema. Mimi mtu asiyeongea huniwasha mwili mzima. Anayenyamaza ana kitu anachokinyamazia.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua kutwa. Skonzi zake ni nzuri, hilo nakubali.

Jumatatu, 10 Machi
Leo Kimya kaongea. Alisimama mbele ya kabati la vioo akazitazama bidhaa zetu: keki za krimu, keki za rangi, vile vikombe vya jamu, vitu kumi na moja kwa jumla. Kisha akasema, "Mama, vinne vinatosha. Mkate, skonzi, biskuti, keki ya kawaida isiyo na krimu."

"Na wanaotaka krimu?"

"Wiki iliyopita walikuwa wawili. Zingine tulizitupa."

Kweli tulizitupa. Ila nilijiuliza alijuaje ni wawili, na yeye kutwa yuko nyuma kwenye tanuri. Mkwe wangu aliinamia kikokotoo chake akajitia hamnazo. Basi wale wawili wana mazungumzo yao.

Alhamisi, 13 Machi
Vitu vinne. Tumejaribu. Kimya anaoka mara mbili: saa kumi na moja alfajiri, halafu tena saa nne, ili harufu iwakute wanafunzi wa shule jirani wanapotoka kwa mapumziko saa nne na nusu. Anafungua lile dirisha dogo makusudi. Mkate uliobaki wa jana anaukata vipande, anaukausha kwenye tanuri linalopoa, tunaufunga kwenye mifuko. Watu wanaununua, wanautafuna na chai. Nimecheka peke yangu stoo, mkate wa jana unauzwa kuliko wa leo!

Jumatatu, 17 Machi
Mvua. Foleni ya saa nne na nusu ilifika mlangoni.

Ijumaa, 21 Machi
Mauzo yanapanda, lakini unga unakwisha upesi. Mzee wa Unga, anayetuletea magunia kwa mkokoteni wake wa pikipiki, leo alinitania: "Mama, mnauoka huo unga au mnaogea?" Nilicheka naye. Alipoondoka sikuwa nacheka tena.

Nilianza na panya. Nikahamisha magunia, nikakagua kila kona ya stoo. Hakuna panya. Nikamfikiria mkwe wangu, maana ana mama yake mitaa miwili kutoka hapa, na jioni hubeba mkoba mkubwa. Nimemkagua kwa macho wiki nzima. Mkoba una mwavuli na viatu vya mvua. Amebaki mmoja.

Jumanne, 25 Machi
Nimeweka mizani. Mimi ni mtu wa mizani, miaka ishirini na sita napima sukari na mchele kwenye vifuko vya kilo na nusu kilo, na mizani haijawahi kunisengenya wala kunibembeleza. Kimya alipotoka kwenda kuosha trei nyuma, nilinyanyua beseni la donge, nikalipima, nikatoa uzito wa beseni. Donge kilo kumi kamili. Baadaye skonzi zilipopoa nilizipima zote. Kilo nane na robo tatu.

Nilipima mara mbili. Kilo moja na robo haipo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi.

Jumatano, 26 Machi
Kumi zikaingia. Nane na robo tatu zikatoka.

Alhamisi, 27 Machi
Vilevile. Mara mbili kwa siku, ni kilo mbili na nusu. Huyu mtu ana mkono mrefu tena ana nidhamu, haibi hovyo, anaiba kwa kipimo. Wizi wa namna hii ni wa mtu aliyezoea.

Jumatatu, 31 Machi
Nilihesabu. Madonge madogo yaliyoingia tanurini ni mia na ishirini na tano. Skonzi zilizotoka, mia na ishirini na tano. Kwa hiyo haibi skonzi. Anakata donge kubwa kabla ya kuviringa, analificha kwenye aproni, nani ajuaye. Leo niliingia ghafla wakati anaviringa. Aliinua macho akanitazama. Nikasema nimekuja kuchukua ufagio. Ufagio ulikuwa mkononi mwangu.

Jumamosi, 5 Aprili
Mvua ya usiku imetia unyevu ukutani. Kimya amesogeza magunia mbali na ukuta bila kuambiwa. Mkwe wangu anasema, "Mama, huyu anafanya kazi kama duka ni la babake." Nilimwambia ndiyo, nami nimeliona hilo.

Alhamisi, 10 Aprili
Kaka kapiga simu. Nikamwambia kona inajilipa, wiki ya tatu sasa, tena inaleta cha juu. Akauliza: "Na mwokaji ni mwaminifu?" Sijui kwa nini aliuliza. Nikasema namchunguza. "Chunguza vizuri, dada. Mambo yakienda vizuri hivyo ghafla, kuna mtu anachota." Kaka hajawahi kusema jambo nikaliamini upesi kiasi hiki.

Jumatatu, 14 Aprili
Nane na robo tatu. Naipima sasa kila siku kama mgonjwa anayejipima homa. Mchana nilimfuata Kimya alipokwenda kula. Alikaa kwenye ngazi za jengo la jirani chini ya paa, akala alichokuja nacho kutoka kwake, akakunja mfuko, akarudi. Hakukutana na mtu. Anajua anafuatwa.

Jumanne, 22 Aprili
Siku mbaya. Naandika yote ili nisije nikajidanganya baadaye.

Saa tano asubuhi, duka limejaa, skonzi za pili zimetoka. Nilikuwa nimetoka kupima. Nane na robo tatu, kama kawaida. Mzee wa Unga alikuwa analeta magunia, akasema kwa mzaha wake, "Mama, mwezi huu gunia moja zaidi. Mwokaji wako ana familia kubwa nini?" Nikaita, "Kimya!" Nilimwita hilo jina la utani mbele ya watu, na sauti yangu nilisikia mwenyewe ilivyo. Akaja na trei mkononi.

"Donge lilikuwa kilo kumi," nikasema. "Mikate ni kilo nane na robo tatu. Iliyobaki iko wapi?"

Alinitazama, akatazama watu, akaweka trei chini.

"Kila siku," nikaendelea, "tangu mwezi wa tatu. Umeipeleka wapi?"

Nilitegemea akane, aape, apige kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Umekuwa unapima, mama?"

"Nimekuwa napima."

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani. Akaosha mikono. Akapita katikati ya watu, akatoka mvuani bila mwavuli. Hakuomba hata mshahara wa siku zile. Mtu asiye na hatia angeomba mshahara wake, ndivyo nilivyojiambia, na nikajisikia nimeshinda.

Mzee wa Unga akajipiga kofi pajani: "Leo kamwaga unga!" Watu wakacheka. Mkwe wangu hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, ungemwita pembeni." Nilimkata jicho.

Jumatano, 23 Aprili
Nimemlipa mwanamke mmoja aliyesema anajua kuoka. Hajui. Kaka nimempigia simu, nikamwambia nimemfukuza mwizi mrefu mwenye mikono kama makasia.

Ijumaa, 25 Aprili
Mzee wa Unga anasema ameshawaonya wenye mikate wote wa njia yake. "Nimekusaidia, mama. Huyo hapati kazi mji huu." Nilimshukuru. Baadaye nilitamani nisingemshukuru, sijui kwa nini.

Jumatatu, 28 Aprili
Tumeamua kuoka wenyewe, mimi na mkwe wangu. Amekuwa akimtazama Kimya wiki saba, kumbe alikuwa anajifunza. Vipimo vyote anavyo kichwani. Skonzi zetu zimekuwa ngumu kidogo, lakini zimeuzwa. Mlango wa stoo nimeufunga, ufunguo ninao shingoni.

Jumanne, 29 Aprili
Nimepima. Donge kilo kumi. Skonzi kilo nane na robo tatu.

Jumatano, 30 Aprili
Vilevile. Tulikuwa wawili tu. Nimemtazama mkwe wangu siku nzima. Ameishi kwangu miaka minne, amemzaa mjukuu wangu, na leo nilimtazama kama sijawahi kumwona. Jioni aliniuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Nikasema naumwa kichwa.

Ijumaa, 2 Mei
Leo nilimwambia mkwe wangu asije mpaka saa mbili. Nikakanda mwenyewe, nikapima, nikaviringa, nikaweka trei tanurini, nikavuta kigoda nikakaa mbele ya mlango wa tanuri. Sikwenda chooni. Sikujibu simu. Nje ilikuwa inanyesha vibaya sana na lile dirisha dogo nilikuwa nimelifunga nisilowe.

Nilitoa mikate, nikaisubiri ipoe, nikapima. Nane na robo tatu.

Nikakaa chini tena. Nilikuwa peke yangu, mlango umefungwa, na kilo moja na robo haipo, kwa hiyo mwizi ni mimi. Nikacheka, kisha nikaogopa. Halafu nikaona kioo cha dirisha. Kilikuwa kinatiririka maji, kwa ndani. Ukuta wa juu ya tanuri nao unatiririka, na nywele zangu, na shingo yangu. Nilikuwa nimelowa kama niliyeshinda nje.

Maji. Kila siku tunatia maji kwenye unga, na tanuri linayatoa. Sukari nikiipima asubuhi na jioni ni ileile, mchele uleule, nami nikadhani mkate ni sukari. Na unga ulikwisha upesi kwa sababu tulikuwa tunaoka zaidi, basi. Mtoto aliyewahi kuchemsha sufuria angejua. Mimi nilikuwa na mizani, sikuhitaji kujua.

Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 3 Mei
Nimekwenda kwa Kimya. Mkwe wangu alijua nyumba. Nilipoanza kumweleza, alinikatiza: "Nimejua tangu Jumatano, mama, ulipopima ukanitazama. Nikasema nisubiri uone mwenyewe, maana mimi ningesema ungeona tumekula njama."

Nyumba ni vyumba viwili nyuma ya karakana ya magurudumu. Alifungua mke wake, mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, uso umevimba kwa kulia au kwa usingizi. Nikajitambulisha. Sura ikabadilika.

"Mume wangu hayupo. Nimemfukuza. Anakaa kwa mdogo wake."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa nini?" Akacheka cheko baya. "Si wewe uliyesema aliiba mikate kilo moja na robo kila siku? Mji mzima umesikia. Sasa niambie, mama. Hapa ndani hatujawahi kuona hata kipande. Watoto wangu hawajawahi kuonja skonzi yako. Mikate yote hiyo ilikwenda nyumba ya nani?"

Nilisimama pale mvua inanipiga mgongoni. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimemfikiria Kimya kama mwizi, halafu kama mtu aliyeonewa, lakini sikuwa nimefikiria kwamba kuna mwanamke anaipigia hesabu mikate ambayo haikuwahi kuwapo, anaitafutia nyumba.

Nikamweleza kuhusu maji, mvuke na tanuri, nikijiumauma. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Ni mwanamke wa aina gani anatembea kwenye mvua kuja kumtetea mume wa mtu aliyemfukuza mwenyewe?" akauliza. "Mwezi mzima mko wawili alfajiri hiyo dukani. Sasa unasema mikate imekuwa mvuke."

Nina miaka hamsini na minane, goti la kulia haliinuki. Nilitaka kumwambia ana wazimu, kisha nikaona hiyo ni sura yangu mwenyewe ya mwezi wa nne.

"Njoo upime," nikamwambia. "Kesho alfajiri. Usiniamini mimi."

Jumapili, 4 Mei
Alikuja saa kumi na moja, na mizani yake, aliyoiazima kwa muuza nyama. Nilimsifu moyoni. Sikugusa kitu. Alipima unga yeye, akapima maji, akakanda, akapima donge. Alikanda vibaya kwa hasira. Mkwe wangu alimwashia tanuri, mimi nikakaa mlangoni mikono nje ili aione.

Mikate ilipopoa aliweka yote kwenye mizani. Akaitoa, akaiweka tena. Akageuka akatazama dirisha linavyotiririka. Alikaa juu ya gunia la unga, akajifunika uso kwa mikono miwili, akasema, "Nimetupa nguo zake nje. Watoto wakiona." Mkwe wangu alimletea chai.

Jumatatu, 5 Mei
Kimya amekuja. Hajaja kazini, amekuja kusikia. Alisimama upande wa wateja, mkewe nyuma yake.

"Ulijua napima?" nikamuuliza baada ya kumwomba radhi. Radhi nimeiomba vibaya, maneno yalinitoka kwa foleni.

"Nilikuona mara tatu."

"Mbona hukusema mkate hupungua?"

"Siku ile ya ufagio, nilitaka. Lakini ulikuwa unanitazama mikono. Mtu akishakutazama mikono, ukimweleza jambo anaona unajitetea. Nikasema nioke vizuri tu, ataona."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nikamwambia kazi ipo, na mshahara wa siku zote alizokaa nje upo. Akasema, "Jina langu liko kwa kila mwenye tanuri mji huu. Ulikolipeleka, ulifuate."

Jumanne, 6 Mei
Nimepanda mkokoteni wa Mzee wa Unga, juu ya magunia, nimezunguka njia yake nzima. Wenye mikate saba. Kila duka nimesema yaleyale: nilimsingizia, mkate hupungua tanurini, mimi sikujua. Wote saba walinitazama kwa mshangao, maana wote walikuwa wanajua mkate hupungua. Wa tano alicheka mpaka akashika meza. Mzee wa Unga hakutania hata mara moja. Njiani alisema, "Mama, nami nilidakia tu. Sikuuliza." Tukarudi tumelowa.

Alhamisi, 8 Mei
Kimya amerudi. Amevaa aproni. Hakunisalimu.

Jumatatu, 12 Mei
Foleni imerudi.

Jumanne, 20 Mei
Mvua inapungua. Kimya anamfundisha mkwe wangu biskuti. Huongea naye, wanacheka hata. Nikiingia wananyamaza. Zamani ningejua la kufikiri. Leo nilichukua nilichokifuata nikatoka.

Jumamosi, 31 Mei
Kaka amefika kwa basi la usiku, mkoba mkononi, miwani puani. Akapitia daftari la hesabu, lile lenye adabu, akavua miwani, akavaa tena. Kona imejilipa yenyewe na imesaidia kulipa umeme wa duka zima. Akasema mtu wa simu atafute pengine. Tanuri linabaki.

Kisha akatazama nyuma, akamwona Kimya. Ilikuwa saa nne na nusu, wanafunzi wa masomo ya Jumamosi wamejaa, Mzee wa Unga yuko mlangoni, mkwe wangu kaunta. Kaka ana sauti ya watu wa mabasi, haijui kunong'ona.

"Dada, huyu si ndiye yule mwizi wako? Umemrudisha?"

Ningeweza kusema tutaongea ndani. Ningeweza kusema ni mambo marefu. Kaka ana nusu ya duka, na kaka hapendi kukosolewa mbele ya watu, na mimi pia.

"Hapakuwa na mwizi," nikasema, kwa sauti ileile niliyomfukuzia. "Mwizi nilimtunga mimi. Huyu ndiye aliyeifanya kona hii ilete faida, nami nikamvunjia jina na nyumba. Usimwite hivyo tena kwenye duka hili, kaka, hata kwenye nusu yako."

Kaka akaliinamia tena daftari la hesabu. Kimya alikuwa ameshika trei ya kuingiza tanurini. Aliiingiza, akafunga mlango wa tanuri, akanawa mikono, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alikaa huko. Niliona mgongo wake kupitia lile dirisha dogo, mabega yanatikisika. Muda wa skonzi ukapita. Mkwe wangu akanitazama, nikatikisa kichwa, asiende kumwita, skonzi na ziungue. Harufu ikabadilika, wanafunzi wakaziba pua, moshi ukaanza kutoka kwenye mlango wa tanuri.

Nimelizima tanuri mwenyewe, nikazitoa skonzi mwenyewe. Trei nzima nyeusi. Kimya aliporudi, macho mekundu, aliitazama, akanitazama mimi.

"Kanda nyingine," nikamwambia. "Wanasubiri."